Barua ya wazi kwenu wenye apu za vitabu: hiki kipekee chenu na hii bure yenu

Mabosi wa apu za kusomea riwaya na simulizi za Kiswahili, mlioko Dar, mlioko Nairobi na popote mlipo, habari za kazi.

Mimi ni mwandishi wa riwaya, mwanamke, nipo Morogoro, naandika na kuchapisha mwenyewe. Kava ananitengenezea kijana mmoja wa Kihonda mwenye kompyuta yake, uhariri namlipa mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambae mpaka leo anataka nimprintie karatasi asahihishe kwa kalamu nyekundu, na kuuza nauza mwenyewe kwa simu. Ndio kazi inayonilipia kodi ya nyumba na ada ya mtoto, kwa hiyo haya ninayoyaandika sio ya kujifurahisha.

Tangu mwezi wa nne mwaka huu waandishi wenzangu watatu wamenipigia kwa nyakati tofauti, kila mmoja katumiwa mkataba na apu yake, na swali lao ni moja, dada nisaini au nisisaini, maana wanataka kitabu kiwe kwao tu, ndio hicho ninachokiita kipekee, na wanataka ruhusa ya kukigawa bure wakijisikia. Nimewajibu mmoja mmoja nikaona hapana, bora niwaandikie nyie mnaoitunga hiyo mikataba, maana mwandishi akishakuwa na karatasi mkononi na shule imempigia simu asubuhi kuhusu ada, ushauri wangu unamsaidia kidogo sana. Nyie ndio mnaweza kuyabadilisha hayo maneno kabla hayajamfikia. Apu iliyonifanyia mimi haya nitakayoyaeleza sitaitaja, sina haja ya kuichafua, na mikataba ya wenzangu niliyoisoma inafanana na wa kwangu karibu neno kwa neno, kwa hiyo hili ni lenu nyote.

Nianze na tulikotoka. Mwaka 2016 nilianza kuandika Facebook, sehemu moja kila jioni, chini naweka ITAENDELEA, watu wanakomenti usiku kucha dada leo fupi, dada tupe mbili. Baadae nikahamia WhatsApp, sehemu kumi za mwanzo bure, anaetaka full analipia 2,000, anatuma kwa simu, ananirushia skrinshoti ya muamala, na mi namrushia PDF. Nina kaunta buku lenye majina ya wote waliowahi kulipia, jina, namba, mkoa, tarehe na kitabu. Riwaya yangu iliyotoka vizuri kuliko zote kipindi hicho ilinunuliwa na watu 640 ndani ya miezi minne. Pigeni hesabu wenyewe, ni 1,280,000, na makato ya kutuma anabeba mteja.

Shida ilikuwa wizi. Ukishamrushia mtu mmoja PDF ni kama umewarushia wote. Siku ya tatu unaikuta kazi yako kwenye grupu ambalo hata admini wake humjui, mtu kaandika "nani ana full ya hii jamani anirushie" na wenye kumrushia wako wanne. Unaandika miezi saba, unalala saa nane usiku, alafu mtu anagawa jasho lako kwa kidole kimoja na anashukuriwa yeye. Kwa hiyo apu zilipokuja zikasema kitabu hakitoki humu, hakikopiki, na wateja tutakutafutia sisi, nilifurahi kweli, na naomba mliamini hilo, sikuja kwenu na roho mbaya.

Mkataba ulinifikia kwa imeili mwezi wa tisa 2022. Kurasa 11, Kiingereza kitupu, kwa ajili ya kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na Mtanzania ili kisomwe na Waswahili. Niliuprinti kwenye steshenari moja karibu na stendi ya Msamvu, shilingi 200 kwa ukurasa, nikausaini palepale juu ya mashine ya fotokopi, wakauskani, nikautuma. Kusaini kitu nisichokielewa ni kosa langu na nalibeba. Ila nilipokuja kusomewa na mtu anayejua sheria ndio nikaelewa nimetoa nini: miaka mitatu, dunia nzima, namna zote za kitabu. Namna zote sio faili la kwenye simu tu jamani, ni karatasi, ni sauti, ni kusomwa redioni, ni hata kile kipande unachokiweka Facebook ili watu waonje. Na mwisho wa miaka mitatu mkataba unajirudia wenyewe miaka mitatu mingine, kasoro uwe umeandika barua siku 60 kabla.

Sasa niwaeleze hicho kipekee kikitoka kwenye karatasi kikafika mtaani kinafananaje.

Pale Msamvu kuna mama anauza chai na chapati, kwenye kaunta buku langu ni mtu wa 14, riwaya zangu zote amelipia, hajawahi kuomba ya bure hata moja. Mwezi wa kumi 2022 nasubiri gari akaniita, akanifutia benchi kwa kitambaa, akanipa simu yake, itel kioo kimepasuka kuanzia kona ya juu mpaka katikati, akasema hebu niwekee hiyo apu yako imenishinda. Nikajaribu, simu ikasema nafasi imejaa. Nikafuta video za WhatsApp, za harusi, za mahubiri, za wajukuu huku namuuliza hii nifute, hii nibakishe, ikapatikana nafasi, apu ikaanza kushuka na bando lake la 500 likakatika katikati. Nikamuunganisha na intaneti ya simu yangu, ikamaliza, ikafunguka, ikadai imeili. Imeili iliyomo humo aliwekewa na fundi siku aliyonunua simu na nywila haijui. Chai inachemka, wateja wanamuita, basi akanishika mkono akasema "Mwanangu si unirushie tu WhatsApp kama siku zote, hela yako hii hapa," akafungua fundo la khanga akatoa elfu mbili. Nikamwambia mama siruhusiwi. Kitabu nimekitunga mimi, mteja kasimama mbele yangu na hela mkononi, alafu namwambia siruhusiwi kukuuzia. Aliniangalia kwa muda, akairudisha ile hela kwenye khanga, akaenda kumimina chai. Mpaka leo sijui kama aliamini.

Na sio yeye peke yake. Nina msomaji yuko Muscat, dada wa kazi za ndani, zamani alikuwa anamtumia hela mdogo wake Muheza, mdogo ananilipa mimi, kitabu kinamfikia dakika hiyohiyo akakisoma usiku akimaliza kazi. Apu ilikuwa inapokea malipo ya mitandao ya simu ya Tanzania tu na inadai namba ileile iliyo kwenye simu unayosomea, na laini yake yeye ni ya Oman. Wa Mombasa nao hivohivo, M-Pesa yao ya Kenya haikukubaliwa. Kwenye mkataba mmechukua haki za dunia nzima, wakati hela ya mtu aliyevuka Namanga hamna njia ya kuipokea. Huyo msomaji hamna uwezo wa kumhudumia na mimi mmenizuia nisimhudumie, kwa hiyo kinachotokea ni kwamba anaenda kwenye yale magrupu ya kurushiana. Wizi mliosema mnauzuia hapo mmeuongezea wateja.

Watu wanapenda kusema kizuri chajiuza. Kitabu kilichofungiwa mahali ambapo mnunuzi hawezi kuingia hakijiuzi hata kiwe kizuri namna gani. Kuanzia mwezi wa tisa 2022 mpaka mwisho wa mwezi wa sita 2023 apu iliniuzia nakala 211 kwa bei ya 3,000. Katika hiyo 3,000 inatoka kwanza asilimia 15 ya duka la apu na malipo, inabaki 2,550, inagawanywa nusu kwa nusu, 1,275, alafu wanakata kodi ya zuio asilimia 15 ya mrabaha, naondoka na 1,083. Mara 211 ni kama laki mbili na ishirini na nane elfu kwa miezi kumi. Na hiyo kodi waliyonikata cheti chake niliomba mara tatu sijapewa. Ile ya mwanzo niliyouza mwenyewe pamoja na kuibiwa kwote kule ilinipa milioni na ushee kwa miezi minne.

Najua mtakavyojibu, kwamba hata Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni la Marekani, wanataka kipekee. Ni kweli, na ndio maana nimekaa nikaisoma ya kwao, maana haiwezekani tuwe tunatajiwa jina hilo kila siku bila kujua wanachofanya. Mpango wao unaitwa KDP Select, umeanza Desemba 2011. Mwandishi akijiunga anakubali kwamba nakala ya kielektroniki ya kitabu hicho isipatikane kwingine kwa siku 90. Tisini. Kitabu cha karatasi hakihusiki, unaweza kukiuza Kariakoo, kanisani, mnadani, popote. Sauti nayo haimo. Kipande cha mpaka asilimia 10 unaruhusiwa kukiweka kwingine watu waonje. Siku 90 zikiisha mpango unajirudia wenyewe kama hujaondoa tiki, hilo na wao wanalo, lakini tiki unaiondoa mwenyewe ukiwa kitandani kwako, huandiki barua kwa mtu wala husubiri mwanasheria. Na hapo mwandishi anapewa kitu: kitabu kinaingia Kindle Unlimited, huduma yao ya msomaji kulipia kwa mwezi akasoma vitabu vingi, ambayo ipo tangu Julai 2014, na toka Julai 2015 mwandishi analipwa kwa kila ukurasa uliosomwa, kiwango kinapanda na kushuka kila mwezi ila huwa kinazungukia karibu nusu senti ya dola. Kuna nchi kama India, Brazili, Japani na Meksiko ambako asilimia 70 ya mauzo unaipata kama tu umo kwenye mpango, usipokuwemo unapata 35. Yaani wamekuomba kitu wakaweka na bei yake mezani, unaweza ukaikataa, lakini ipo na unaiona.

Na pamoja na hayo yote huko kwao waandishi wamegawanyika mpaka leo. Mark Coker, aliyeanzisha Smashwords, jukwaa la kuuzia vitabu vya kielektroniki, alilipinga jambo hili tangu mwezi uleule lilipotangazwa, na wapo maelfu waliochagua kuuza kote, kwenye maduka mengine kama Kobo, Apple Books, Google Play, kwa sababu hawataki riziki yao yote iwe chini ya ufunguo wa mtu mmoja. Wengine wanakaa ndani siku 90, wanatoka, wanarudi na kitabu kingine. Wote wawili wana hoja na mi siwezi kusema upande mmoja ni wajinga, inategemea wasomaji wako wako wapi na una vitabu vingapi. Lakini wanaweza kubishana vile kwa sababu mlango upo. Ukikosea umepoteza miezi mitatu, unajifunza, unaenda kwingine.

Sasa niambieni, kampuni iliyoanza kuuza kisomeo chake cha Kindle mwaka 2007 na yenye wasomaji mamilioni inaomba siku 90 za faili tu, nyie mnaomba miaka mitatu ya kila kitu kwa sababu gani hasa? Mngekuwa mnalipa kabla ningeelewa. Mwenzangu mmoja alipewa laki tatu mkononi, wakamlipia na mhariri, wakamtangazia kitabu wiki mbili kwenye kurasa zao, akawapa mwaka mmoja, na mimi nilimwambia kabisa saini, hiyo ni biashara. Sisi wengine hatukupewa hata kava. Kipekee ni kitu mnachokinunua kutoka kwetu, na mpaka saivi mmekuwa mnakichukua bila kukilipia.

Nije kwenye bure, maana hapa ndio niliumia zaidi.

Mwezi wa saba 2023, wiki ya Sabasaba, ambayo toka UNESCO walipoipitisha mwaka 2021 ni wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani pia, naamka asubuhi nakuta simu imejaa meseji, nikajua kuna msiba. Ya kwanza kuisoma ilikuwa ya nesi mmoja yuko Ifakara, "Dada yangu mimi nimelipia Jumatatu kwa hela ya mkopo wa mwenzangu, leo Ijumaa naikuta bure, ndio nini sasa?" Nikafungua apu, riwaya yangu ina utepe mwekundu BURE WIKI NZIMA. Hakuna aliyeniuliza, hakuna aliyenijulisha, nimejua pamoja na wateja. Nikapiga simu ofisini kwao nikasomewa kipengele, ukurasa wa tisa, wana haki ya kupanga bei na promosheni wanavyoona inafaa ikiwemo kutotoza chochote. Ni kweli kipo, nimekisaini.

Kwa siku saba ikapakuliwa mara 4,312. Nakubali, moyo ulidunda kuiona hiyo namba, mwandishi gani asiyetaka watu elfu nne wamsome. Shida ni kwamba ilikuwa sehemu ya kwanza ya riwaya yenye sehemu tatu. Ya pili nilikuwa nimewakabidhi tangu mwezi wa tatu, ikawa "iko kwenye uhakiki", na ilikuja kuwekwa mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo watu elfu nne na mia tatu walifika kwenye ukurasa wa mwisho, shujaa kasimama mlangoni kashika barua hajaifungua, wakatafuta kinachofuata wakakuta hakuna cha kununua. Mwezi wa nane niliuza nakala tatu. Mwezi wa kumi na moja sehemu ya pili ilipotoka wengi walishafuta apu kupata nafasi ya vitu vingine, nani anakumbuka kisa cha Julai. Na wale waliolipa 3,000 ndani ya wiki ile wakanipigia mmoja mmoja, walikuwa tisa, nikawarudishia kila mtu hela yake kutoka mfukoni kwangu, 27,000, kwa sababu wao hawaijui ofisi yenu, wananijua mimi, jina langu ndio liko kwenye kava.

Sikatai bure. Nilitaka hilo lieleweke vizuri maana kuna wenzangu wakisikia bure wanapandisha presha, wanasema ukigawa umejishusha, mi nimekulia kwenye sehemu kumi za bure za WhatsApp na najua zilinilisha. Bure ni chambo na chambo kinahitaji ndoano ifungwe kabla. Mwandishi mwenzangu wa Tanga alikomaa na apu yake mpaka wakakubali: siku tatu tu, kitabu cha kwanza tu, cha pili na cha tatu viwe vimeshapanda, na mwisho wa cha kwanza kuwe na kitufe kinachompeleka msomaji moja kwa moja kwenye cha pili bila kutafuta. Watu kama 900 wakakichukua, wiki mbili baadae 130 wakawa wamenunua cha pili. Bure ya watu mia tisa ikamlipa yeye, ya watu elfu nne haikunilipa mimi. Hao Amazon nao kwenye hizo siku 90 wanampa mwandishi siku tano za bure, na anaezichagua ni mwandishi, moja moja au zote kwa pamoja, anapanga kulingana na alichonacho. Asipozitumia hazitumiki. Hakuna mtu anamuamsha na utepe mwekundu.

Tena kuna lile la msomaji kuzoeshwa. Mkishamtumia mtu arifa BURE BURE BURE kila sikukuu, Pasaka bure, Idi bure, Sabasaba bure, anajifunza kusubiri. Mteja wangu mmoja aliniambia bila kuficha, dada cha nini nilipie, si Krismasi wataweka. Hilo litawarudia na nyie, maana nusu ya kinachobaki kwenye ile 3,000 ni yenu.

Haya ninayoyataka sio makubwa na hayahitaji hela nyingi. Mkataba uwe kwa Kiswahili, hilo la kwanza na sioni sababu ya kulijadili. Muda uwe miezi, mitatu, sita ikizidi sana, na kama mnataka mwaka basi muweke hela kabla kama alivyowekewa yule mwenzangu. Kipekee kihusu faili la kusoma kwenye simu tu, karatasi na sauti na redio mtuachie, hamna mashine ya kuchapa wala studio, mnazishika za nini? Na pale ambapo apu yenu haifiki, kwa yule wa Muscat, kwa yule ambae simu yake haiwezi kuibeba, mturuhusu tumuuzie wenyewe, mkitaka tutawaandikia tumemuuzia nani. Siku za bure mwandishi azikubali kwa maandishi, kwa meseji tu inatosha, na aliyelipia ndani ya wiki ile apewe kitu kingine cha bei hiyohiyo kwa gharama ya aliyetangaza bure. Kujiondoa kuwe kitufe.

Na ripoti. Mimi nilikuwa napata karatasi moja kila baada ya miezi mitatu, imeandikwa jumla tu. Sasa hivi mmeleta na ile ya kulipia kwa mwezi mtu asome vyote, vizuri, lakini hakuna mwandishi hata mmoja ninaemjua anaeweza kuniambia hela ya mteja mmoja inagawanywaje kati ya vitabu alivyosoma. Kurasa mnazihesabu, apu inajua nimeishia ukurasa gani hata nikibadilisha simu. Tuonyesheni.

Najua na nyie mna mzigo wenu. Najua duka la Google linachukua asilimia 15 yake kwa wadogo, najua mitandao ya simu inakata, najua kuna wahuni wanapiga picha kurasa moja moja za apu wanatengeneza PDF upya, na najua apu kadhaa zilizoanza kwa kishindo saivi hazifunguki. Hapo ndio napaogopa zaidi. Apu ikifa kitabu changu kinakuwa wapi, kwenye mkataba wa miaka mitatu na kampuni isiyopokea simu? Nimetafuta kwenye zile kurasa 11, hakuna mstari unaosema apu ikizimwa haki zinarudi kwa mwandishi. Wekeni huo mstari.

Niseme neno moja kwa Ofisi ya Hakimiliki pia, COSOTA. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatupa haki pale tu tunapoandika, hilo mmetufundisha kwenye semina na tunashukuru. Tunachokosa ni mfano wa mkataba wa kitabu cha kielektroniki, kurasa tatu za Kiswahili ambazo mwandishi wa Kigoma anaweza kuzipakua akaziweka pembeni ya huo aliotumiwa akalinganisha. Mkitutengenezea huo, wale watatu walionipigia wasingekuwa na haja ya kunipigia.

Wa kwangu unaisha tarehe 30 Septemba. Barua ya kukataa usijirudie nimeshaituma, kwa imeili na kwa posta na risiti ninayo, ziko zaidi ya siku 60. Oktoba mosi nitakuwa Msamvu asubuhi kumpelekea yule mama sehemu zote tatu kwenye simu yake, za kwake sichukui hela. Nyie mkitaka tuendelee nipo tayari kabisa, nina riwaya mpya imeshatoka kwa mwalimu. Tumeni mkataba wa Kiswahili, ukurasa wa kwanza muandike mnataka siku ngapi na kwa siku hizo mnanilipa nini. Safari hii nitausoma nyumbani, wote, na majibu nitawapa ndani ya wiki moja.